Mwinamo kwanza: hotuba kwa wanaosafiri kwenye milima yenye theluji

Ndugu wanachama, viongozi wetu, na ninyi mnaojiunga nasi msimu huu kwa mara ya kwanza, asanteni kwa kufika. Nimeombwa nizungumzie maporomoko ya theluji kabla safari hazijaanza, na nimepewa muda wa kutosha, kwa hiyo sitakimbia. Hata hivyo jambo langu ni moja, na nalisema sasa ili atakayelazimika kutoka mapema aondoke nalo. Theluji iliyo chini ya miguu yenu hamtaijua yote. Hata wataalamu wanaoichunguza kila siku hawaijui yote. Mwinamo wa mteremko mnaweza kuujua, tena mkiwa bado nyumbani, ramani ikiwa mezani. Basi mnapoamua mpite wapi, amueni kwa mwinamo, msiamue kwa jinsi theluji inavyopendeza asubuhi ile.

Nianze na namba ambayo wengi wetu tunaisoma vibaya. Tangu 1993 nchi za Ulaya zinatumia kipimo kimoja cha hatari ya maporomoko, chenye madaraja 5, na Amerika Kaskazini ina kipimo kinachofanana nacho. Daraja la 1 ni hatari ndogo, la 2 ya wastani, la 3 kubwa kiasi, la 4 kubwa, la 5 kubwa mno. Mtu akifungua taarifa ya asubuhi akakuta 3, macho yake yanaona katikati ya kipimo. Anajiambia kwamba hali si nzuri sana wala si mbaya sana, tutakwenda kwa uangalifu. Huyo ndiye ninayemhofia. Taasisi ya Uswisi ya utafiti wa theluji na maporomoko, iliyoko Davos na inayojulikana kwa kifupisho cha SLF, inaeleza kwamba daraja la 3 hutangazwa katika takriban asilimia 30 ya msimu wa baridi, lakini karibu nusu ya vifo hutokea siku hizo. Daraja la 2 hutangazwa karibu nusu ya msimu, na vifo vyake ni kama asilimia 30. Chukueni madaraja hayo mawili pamoja, haya ambayo kwa masikio ya wengi yanasikika ya kawaida, na mmeshapata sehemu kubwa ya makaburi.

Siku za daraja la 5 ni nadra, na zikija maporomoko huwafuata watu majumbani mwao. Tarehe 23 Februari 1999, baada ya wiki kadhaa za theluji nyingi, poromoko lilishukia kijiji cha Galtür nchini Austria na kuua watu 31. Baadhi ya nyumba zilizobomoka zilikuwa mahali palipohesabiwa kuwa salama. Wale hawakuwa na la kuchagua. Msafiri wa milimani analo. Katika takriban ajali 9 kati ya 10 zinazoua watu wa matembezi kama yetu, poromoko hufyatuliwa na aliyefukiwa mwenyewe au na mwenzake wa msafara. Nawaomba mlikumbuke hilo kila mnaposikia mtu akisema kwamba mlima hautabiriki. Huenda hautabiriki, lakini mara nyingi mno ni sisi tunaoukanyaga pale ulipokuwa tayari kuachia.

Werner Munter, kiongozi wa milima wa Uswisi aliyebadilisha namna Ulaya inavyoifikiria hatari hii, aliichukulia kuwa inaongezeka maradufu kwa kila daraja. Ukilipa daraja la 1 uzito wa 2, la 2 ni 4, la 3 ni 8, la 4 ni 16. Someni namba 3 kwa hesabu hiyo, mwone kama bado iko katikati.

Sasa tuingie ndani ya theluji yenyewe. Theluji ya mlimani haiwi rundo la aina moja. Kila dhoruba huweka tabaka lake, kila upepo lake, kila siku ya jua kali huacha ukoko wake, na matabaka hayo hulaliana msimu mzima. Poromoko linaloua wasafiri wengi ni la bamba. Tabaka la juu limeshikamana, limelala juu ya tabaka dhaifu, na mteremko ni mkali wa kutosha. Bamba laweza kuwa gumu hata kiatu kisizame, na laweza kuwa laini hata ukadhani ni theluji mpya isiyo na neno. Tabaka dhaifu laweza kuwa na unene wa sentimita moja tu. Likivunjika mahali pamoja, mvunjiko hukimbia chini ya bamba upesi kuliko mtu awezavyo kugeuka, ufa hufunguka juu yako, na unajikuta umesimama juu ya kitu ambacho tayari kiko safarini. Poromoko kavu la bamba hupita kilomita 100 kwa saa ndani ya sekunde chache. Hakuna atakayelikimbia.

Tabaka hilo dhaifu linatoka wapi? Hapa naomba mnivumilie, maana ndipo akili ya kawaida inapotupotosha. Watu hudhani theluji nyingi ndiyo hatari na theluji haba ni salama. Hudhani pia kwamba baridi kali hugandisha kila kitu kikawa imara. Fikirini hivi. Chini ya theluji, ardhi hubaki karibu na nyuzijoto 0. Juu, usiku wa anga tupu, uso wa theluji hushuka nyuzi nyingi chini ya sifuri. Theluji ikiwa na kina cha mita 2, tofauti hiyo hugawanyika pole pole kutoka chini hadi juu. Ikiwa na kina cha nusu mita tu, tofauti ile ile hubanwa mahali padogo, na mvuke hupanda kwa nguvu kutoka chembe za chini kwenda za juu. Badiliko likizidi kiasi cha nyuzi 1 kwa kila sentimita 10, chembe huanza kugeuka umbo. Hupata kingo na pembe, hukua, na huacha kushikana. Ukizichota zinamwagika kama sukari, na wapanda milima wa nchi nyingi huiita hivyo hivyo, theluji ya sukari.

Kwa hiyo msimu unaoanza na theluji kidogo, kisha ukakaa wiki kadhaa za baridi na anga safi, unajitandikia msingi mbovu. Hakuna anayekufa wiki hizo, kwa sababu juu ya msingi huo hakuna bamba. Dhoruba zikija ndipo mzigo unapowekwa juu ya kitu kisichobeba. Ndivyo ilivyokuwa katika milima ya magharibi ya Marekani msimu wa 2020 hadi 2021. Theluji ya mapema ilikaa kavu na baridi, kisha dhoruba kubwa zikaja. Watu 37 waliuawa na maporomoko nchini humo msimu ule. Tarehe 6 Februari 2021, katika korongo la Millcreek huko Utah, watu 8 wa makundi mawili walinaswa na poromoko moja. Waliopona waliwachimbua wenzao kwa mikono yao. Wanne walitolewa wakiwa wamekufa.

Msingi wa namna hiyo hauponi kwa siku mbili. Bamba la dhoruba likilala juu ya theluji ya kawaida, mara nyingi hutulia ndani ya saa 24 hadi 48, na ndiyo sababu wazee wa kazi hii huwaambia watu wasubiri siku mbili baada ya dhoruba. Ushauri huo ni mzuri, lakini kwa tabaka la sukari, au kwa sakitu iliyofukiwa, hautoshi kabisa. Hayo hudumu wiki, mara nyingine miezi. Nimetaja sakitu, basi niieleze. Usiku mtulivu wenye anga wazi, mvuke wa hewani huganda juu ya uso wa theluji ukawa fuwele bapa zilizosimama wima, na asubuhi mteremko mzima unametameta. Ni nzuri kweli kutazama. Upepo au jua likiziharibu kabla ya theluji nyingine kuanguka, tumesalimika. Zikifukiwa zikiwa zimesimama, zimekuwa tabaka dhaifu lililoenea mbali, tena mara nyingi kwenye miteremko ya kivuli iliyokingwa na upepo, pale pale ambapo theluji nzuri hukaa na sisi hupenda kwenda. Kiongozi makini wa msafara huziandika tarehe za usiku wa namna hiyo hata akiwa nyumbani, kisha hutazama dhoruba ipi ilifuata.

Upepo nao una kazi yake. Huokota theluji upande unaopigwa na kuilundika upande wa demani, ule uliokingwa, nyuma tu ya mgongo wa mlima, upesi mara kadhaa kuliko inavyoanguka kutoka mawinguni. Anga laweza kuwa jeupe, jua linawaka, na bamba linaendelea kunenepa mbele ya macho yako. Ukiona theluji inafuka kama vumbi kwenye vilele, tafuta inakotua, na usipite hapo. Theluji ya maji ya mwisho wa msimu sitaikalia sana. Isipoganda usiku, au ikianza kulainika hata mguu ukazama hadi ugoko, umechelewa, shuka. Anayesafiri miezi hiyo huanza gizani na kumaliza mapema, na usiku wa mawingu humzuia kutoka kabisa, kwa sababu mawingu huzuia theluji kupoa na kuganda.

Ziko dalili ambazo zikionekana mjadala umekwisha. Poromoko jipya kwenye mteremko unaofanana na wako. Nyufa zinazokimbia kutoka kwenye ncha za skii, zile mbao za kutelezea kwenye theluji, au kwenye nyayo zako. Mvumo mzito wa ghafla chini ya miguu, theluji ikishuka kidogo kwa pamoja, ambao ni sauti ya tabaka dhaifu likiporomoka hapo uliposimama. Theluji nyingi au upepo mkali wa jana na leo. Joto kupanda ghafla. Moja tu katika hizo latosha kukurudisha kwenye mwinamo wa chini, na mvumo nauweka juu ya zote, maana aliyeusikia amekwisha kulivunja tabaka, na kilichomwokoa ni kwamba alikuwa tambarare.

Shida ni siku ambazo hakuna dalili. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Mtu hupita juu ya mteremko mbovu, na hakuna kinachotokea, kwa sababu hakukanyaga pale bamba lilipo jembamba, karibu na mwamba uliofukiwa, ambapo uzito wake ungelifikia tabaka dhaifu. Anarudi nyumbani akiamini kwamba aliusoma mlima vizuri. Wiki ijayo anapita tena, na imani inaongezeka. Mlima haukumwambia kwamba alikosea. Katika kazi nyingi za dunia hii kosa linajitangaza, nasi tunajifunza. Hapa mtu anaweza kukosea miaka mingi mfululizo na kila mara akapewa siku nzuri, na kadiri anavyopewa ndivyo anavyozidi kuitwa mzoefu. Ndiyo sababu nyayo za watu wengine kwenye mteremko hazithibitishi lolote. Wa kwanza kupita anaweza kuvuka salama, wa tano pia, na bamba likamwachilia wa sita.

Mtafiti Ian McCammon alizichambua ajali 715 za watu wa matembezi zilizotokea Marekani kati ya 1972 na 2003. Alichokuta kinaumiza. Wengi walikwenda ilhali dalili za hatari zilikuwa wazi mbele yao, na waliosomea maporomoko hawakuwa salama kama tungetarajia, hasa kwenye maeneo waliyoyazoea. Mazoea yalifuta sehemu kubwa ya faida ya mafunzo. Walisukumwa na mambo ambayo kila mmoja wetu anayajua moyoni: mahali tumewahi kupita, mpango tulioutangaza, mtu mmoja anayeonekana mjuzi kuliko wote, kundi lingine lililotangulia, hamu ya kuwa wa kwanza kuchora mistari kwenye theluji ambayo haijaguswa. Hakuna hata moja kati ya hayo linalohusu theluji.

Vipi kuhusu kuchimba shimo na kuipima nguzo ya theluji kwa kuigonga na koleo? Chimbeni, tutafundishana, na ni shule nzuri ya kuyaona matabaka kwa macho. Lakini mwe na masharti. Shimo likikuonyesha tabaka linalovunjika na kukimbia nguzo nzima, liamini na uondoke. Shimo likikuonyesha theluji imara, limesema juu ya mita ile moja uliyoichimba, na mita 20 pembeni hali yaweza kuwa nyingine kabisa. Nimeona watu wakichimba shimo ili kupata ruhusa. Shimo halitoi ruhusa.

Ndipo tunarudi kwenye mwinamo, ambao haubadiliki usiku, haufukiwi na dhoruba, na hauhitaji mjuzi kuusoma. Mabamba huanza kuachia, kwa sehemu kubwa sana, kwenye miteremko ya kati ya nyuzi 30 na 45, na mengi zaidi karibu na nyuzi 38. Chini ya 30 ni nadra bamba kavu kuanza kuteleza. Juu sana ya 45 theluji humwagika yenyewe kidogo kidogo kabla haijalundikana. Bahati mbaya ni kwamba nyuzi 35 hadi 40 ndizo zinazompendeza mtu wa skii kuliko zote, kwa hiyo tunavutwa kule kule. Nyuzi 5 chini yake, safari inabaki tamu na hesabu inabadilika kabisa.

Pimeni kwenye ramani. Ramani ya kipimo cha 1:25,000 yenye kontua, ile mistari inayounganisha mahali penye urefu mmoja, za kila mita 20 inawaambia wazi. Kontua mbili zikitengana karibu milimita 1.4, mwinamo ni nyuzi 30. Zikikaribiana hadi milimita 1, mko karibu na nyuzi 39, yaani mahali pabaya kuliko pote. Ramani za kwenye simu siku hizi hupaka rangi kila kilichozidi nyuzi 30, na hizo zimeokoa watu, ila kumbukeni kwamba ramani hulainisha ardhi. Kijongo kidogo cha mita 10, chenye nyuzi 36, kinaweza kutoonekana kabisa kwenye rangi hizo na bado kikatosha kukufukia. Kwa hiyo mkifika, pimeni tena kwa kipima mwinamo, iwe cha dira au cha simu. Msitegemee jicho. Tofauti ya nyuzi 31 na 36 jicho haliioni, nayo ndiyo tofauti tunayoitafuta.

Munter aliacha kanuni fupi ambayo mgeni anaweza kuishika leo hii hii. Daraja la 2, kaeni chini ya nyuzi 40. Daraja la 3, chini ya 35. Daraja la 4, chini ya 30. Mwinamo unaohesabiwa ni wa sehemu kali kuliko zote, na eneo la kuangalia linapanuka kadiri daraja linavyopanda. Kwenye la 2 mnaangalia karibu na njia yenu. Kwenye la 3 mnauangalia mteremko wote, hata sehemu msiyokusudia kuikanyaga. Kwenye la 4 mnaangalia na kila kilicho juu yenu, hata mkiwa bondeni. Mimi binafsi, kwa misafara yenye wageni na kwa kila siku ambayo taarifa imetaja tabaka dhaifu la kudumu, naikaza zaidi: daraja la 3 tunakaa chini ya nyuzi 30, na sitamwomba mtu msamaha kwa hilo.

Kwa nini mteremko wote? Kwa sababu tabaka dhaifu linaweza kuvunjwa kutoka mbali. Mnatembea tambarare chini ya mlima, mvumo unasikika, na mvunjiko unakimbia kwenye tabaka hadi unafika penye mwinamo, na huko juu bamba linaachia. Nadharia iliyochapishwa 2008 katika jarida la Science ilieleza jinsi tabaka linavyoporomoka lenyewe kwanza na mporomoko huo ukasafiri hata mahali pasipo mwinamo. Waliokuwa milimani walikuwa wameyaona hayo tangu zamani. Basi asiye juu ya mteremko mkali bado anaweza kuwa chini yake, na hapo pia si mahali pa kula wala pa kusubiria wenzake. Uliza kila mara: juu yangu kuna nini, na kikishuka kitafika wapi?

Ulizeni pia kitakupeleka wapi. Poromoko dogo lisilotosha kumfukia mtu kwenye uwanda mpana linatosha kumzika mita kadhaa likimsukumia ndani ya korongo jembamba, na linatosha kumuua likimpitisha juu ya jabali au kati ya miti. Tafiti za Kanada zinaonyesha kwamba karibu robo ya wanaokufa kwenye maporomoko huuawa na majeraha, kabla hata ya kukosa hewa. Miti nayo isitudanganye. Msitu mnene ambao huwezi kupenya kwa skii huishikilia theluji. Msitu wa miti iliyoachana vizuri, ule unaopendeza kupita, hauishikilii, na bado una magogo ya kukugonga.

Sasa niseme juu yetu sisi, kundi. Mpango ufanywe usiku wa kuamkia safari, taarifa ikiwa imesomwa yote. Namba ya daraja peke yake haitoshi; taarifa inasema pia ni urefu gani wa mlima, upande gani wa dira, na tatizo ni la aina gani. Andikeni miteremko mtakayokubali na miteremko mliyoikataa. Mkiwa mlimani mnaruhusiwa kuibadilisha orodha hiyo kwa kupunguza tu. Mteremko uliokataliwa mezani haufunguliwi kwa sababu jua limetoka na kila mtu amefurahi. Kanuni hii imenifaa kuliko ujuzi wowote wa chembe za theluji.

Na kila mtu, hata aliyejiunga wiki iliyopita, ana haki ya kusema turudi, na akisema tunarudi bila kumhoji. Viongozi, hapa kazi ni yenu. Mgeni hatasema mbele ya watu wanane asiowajua vizuri. Muulizeni kwanza kabla hamjatoa maoni yenu, na muulize swali linalofungua mlango: unaona nini hapa kinachokutia wasiwasi? Mkiuliza "tuko sawa?" kila mtu ataitikia ndiyo. Mnapovuka mahali penye shaka, apite mmoja mmoja, wengine wakimwangalia kutoka mahali salama hadi amalize. Ni jambo dogo, linachukua dakika chache, na linabaki kuwa ndilo la kwanza kuachwa watu wakichoka.

Nimeyaweka maokozi mwisho kwa makusudi, kwa sababu yakifika tumekwisha kushindwa. Lakini lazima tuyajue. Utafiti wa Uswisi uliochapishwa 2024, uliotazama matukio ya kuanzia 1981 hadi 2020, ulionyesha kwamba aliyefukiwa kabisa akitolewa ndani ya dakika 10 za mwanzo, nafasi yake ya kuishi ni kama 9 kati ya 10. Kufikia dakika ya 30 imeshuka hadi kama 3 kati ya 10. Helikopta haitafika ndani ya dakika 10. Anayeweza kumwokoa ni aliye pale pale, mwenye vifaa vitatu na mikono iliyozoea. Cha kwanza ni bikoni, kifaa cha redio kinachovaliwa mwilini chini ya koti na kutuma mawimbi ya kilohazi 457, kipimo kimoja duniani kote, ili bikoni za wengine zikipate. Cha pili ni fimbo ndefu ya kukunjwa ya kuchomea theluji hadi iguse mtu. Cha tatu ni koleo la chuma, si la plastiki, kwa maana theluji ya poromoko ikisimama hukaza ikawa ngumu kama saruji hata aliyefukiwa hadi kiunoni hawezi kujichomoa mwenyewe. Mfuko wa hewa wa mgongoni, unaofumuka ukivutwa ili mtu abaki juu ya theluji, unasaidia. Utafiti wa 2014 ulikuta kwamba kati ya walionaswa vibaya, uliofunguka ulipunguza vifo kutoka asilimia 22 hadi 11. Tazameni hiyo 11 kabla ya kuununua kama kinga. Na usipofunguka ni mzigo tu.

Simu ziwe mbali na bikoni, angalau sentimita 20 mnapotembea na sentimita 50 mnapotafuta, kwa sababu zinaivuruga. Hilo linahusu pia kamera za kifuani na glavu za umeme. Kabla ya kuondoka kila asubuhi, kiongozi asimame mbele na wote wapite mbele yake mmoja mmoja, bikoni yake ikisikiliza, na asiyesikika asiende. Anayetafuta atembee haraka mwanzoni, apunguze mwendo namba za umbali kwenye bikoni zikishuka, na kwenye mita 3 za mwisho ashushe kifaa hadi kwenye theluji. Wanaochimba wasianzie juu ya kichwa cha mtu. Waanzie chini kidogo ya fimbo, upande wa bondeni, wakiisukuma theluji nyuma kwa mstari wa watu wanaopokezana, kwa sababu kuchimba ndiko kunakokula dakika nyingi kuliko kutafuta.

Zoezi la leo linafuata baada ya mapumziko. Bikoni nne zimefukiwa ndani ya mifuko kwenye uwanja wa nyuma, mbili kati yake zikiwa karibu karibu ili ishara zichanganyike. Mtaingia watatu watatu, na saa itapigwa kuanzia mtakaposikia filimbi hadi koleo litakapogusa mfuko. Wageni mtaanza, viongozi mtafuata, na wote mtapimwa kwa dakika zile zile 10. Hakikisheni betri ni mpya.